Kipanya hakijafa, ufunguo ndio uliobadilika

Wiki hii msomaji mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia: "Bwana, kipanya nimekiagiza Mombasa, kimekuja kwa basi hadi Mokowe, kikavuka kwa boti. Windows kilishika siku ileile. Jioni nikaingia Ubuntu, nikakiunganisha, kikakubali. Asubuhi narudi Windows, kimya. Fundi anasema ni kibovu, ninunue kingine. Nikitupe?" Chini yake akaweka picha ya kipanya chenyewe, tumbo juu.

Usikitupe. Hakuna kilichoharibika, na linaniuma kuona mtu anaambiwa atoe pesa mara ya pili kwa tatizo lisilohitaji hata bisibisi.

Kipanya au kibodi ya Bluetooth inapounganishwa na kompyuta, pande mbili hupatana ufunguo wa siri wa baiti 16, na kila upande ukauweka. Kipanya huukumbuka kwa anwani ya kompyuta. Sasa laptopu yako ina mifumo miwili lakini chipu moja ya Bluetooth, kwa hiyo ina anwani moja, iwe imeamkia Windows au Linux (Ubuntu ni aina mojawapo ya Linux). Ukiunganisha upya ukiwa Ubuntu, ufunguo mpya unafuta ule wa zamani ndani ya kipanya. Windows bado imeshika wa zamani, inabisha hodi na hafunguliwi mtu. Ukiunganisha tena Windows, Ubuntu nayo inabaki nje. Watu huzunguka hivyo miezi, kila kuwasha ni kuunganisha upya.

Kabla ya kugusa chochote, geuza kipanya uangalie tumboni. Kikiwa na kitufe cha chaneli 1, 2, 3, mara nyingi kazi imekwisha: chaneli 1 iunganishe ukiwa Windows, chaneli 2 ukiwa Linux, kisha ukibadilisha mfumo bonyeza kitufe. Kila chaneli hutunza ufunguo wake. Watu wananunua vipanya hivi kwa bei ya juu na kitufe hicho hawakigusi hata siku moja.

Kisipokuwa nacho, dawa ni kuipa mifumo yote miwili ufunguo mmoja. Mpangilio ni muhimu: unganisha Linux kwanza, halafu Windows, halafu rudi Linux unakili ufunguo wa Windows. Linux huhifadhi ufunguo katika faili la maandishi, ndiyo maana tunabadilisha upande huo. Baada ya kuunganisha Windows, usiunganishe tena popote.

Ukiwa Windows, zima kompyuta huku umeshika Shift. Kuzima kwa kawaida, kama Fast Startup, uwashaji wa haraka wa Windows, imewashwa, ni usingizi tu, na patisheni inabaki nusu wazi. Ukiingia Linux, tumia kibodi ya laptopu yenyewe au ya waya. Fungua terminali, uweke programu ya kusomea rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, kwa sudo apt install chntpw. Tafuta patisheni ya Windows kwa lsblk -f, ni ile kubwa iliyoandikwa ntfs. Tuseme ni /dev/sda3:

sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt
cp /mnt/Windows/System32/config/SYSTEM ~/
chntpw -e ~/SYSTEM

Nakala, si faili lenyewe. Nasisitiza kwa sababu maelekezo mengi yanamwambia mtu afungue rejista halisi ya Windows, na kosa moja la kuandika humo linaweza kukuachia Windows isiyowaka. Ndani ya chntpw:

cd ControlSet001\Services\BTHPORT\Parameters\Keys
ls

Utaona jina la herufi na tarakimu 12 bila nukta pacha. Hiyo ni anwani ya chipu yako. Ingia kwa cd, andika ls tena. Hapa ndipo njia zinapoachana, na hapa ndipo wengi wanapopotelea.

Ukiona anwani ya kifaa chako imeorodheshwa kama thamani, yaani data na si folda, hiyo ni Bluetooth ya kale, na kibodi nyingi ni za namna hii. Andika hex ikifuatiwa na anwani hiyo. Kitatokea kistari cha jozi 16, mfano 4A 1F 09 C3 na kuendelea. Ondoa nafasi, zibaki tarakimu 32. Kisha simamisha huduma kwa sudo systemctl stop bluetooth, maana ukihariri huku inaendelea inaweza kuandika juu ya kazi yako. Fungua faili la info lililo ndani ya /var/lib/bluetooth, folda ya anwani ya chipu, folda ya anwani ya kifaa. Folda hizi hufunguka kwa sudo tu. Chini ya [LinkKey], badilisha mstari wa Key= uweke tarakimu zako 32. Hifadhi, anzisha huduma kwa sudo systemctl start bluetooth, washa kifaa.

Ukiona anwani ni folda na si thamani, kifaa ni cha Bluetooth ya umeme mdogo. Vipanya vingi vya kisasa ni hivi, na vina ujanja wao: kila vinapounganishwa upya, tarakimu za mwisho za anwani zinaweza kubadilika. Linux inakijua kama kinachoishia B2, Windows inakijua kama B3. Ukibandika ufunguo bila kubadilisha jina la folda upande wa Linux, utakesha. Kwa hiyo simamisha huduma kama hapo juu, kisha badilisha jina la folda kwa amri ya mv, iwe na anwani iliyo upande wa Windows. Halafu LTK, yaani ufunguo wenyewe unaousoma kwa hex ndani ya folda ya kifaa kwenye chntpw, inaingia kwenye Key chini ya [LongTermKey] katika faili la info, bila nafasi. ERand na EDIV, namba mbili zilizo pamoja nayo, hazinakiliwi hivihivi: zikitoka kwa amri ya hex, geuza mpangilio wa jozi, ya mwisho iwe ya kwanza, badilisha kuwa namba ya kawaida ya msingi wa kumi, ndipo uweke kwenye Rand na EDiv. Zikiwa sifuri tupu, andika 0. Kisha hifadhi na uanzishe huduma kama hapo juu.

Ukimaliza, futa ile nakala ya SYSTEM. Ina siri za Windows yako, si ya kuachwa ovyo.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, soma funguo ukiwa Windows. Rejista ikifunguliwa kwa njia ya kawaida, hata na msimamizi, folda ya Keys huonekana tupu. Tumia PsExec, programu ya Microsoft inayofungua rejista kwa mamlaka ya mfumo wenyewe: psexec -s -i regedit.

Anayeanza kununua leo, namshauri waziwazi: chukua chenye kidude cha USB cha gigahezi 2.4. Kuunganishwa kumeandikwa ndani ya kidude, mfumo hauhusiki, na kinafanya kazi hata kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka. Kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haisikiki pale, wala kwenye paswadi ya diski ya Linux iliyofungwa, kwa sababu mfumo bado haujaamka. Kidude cha Logitech Unifying, chenye alama ya rangi ya machungwa, kinabeba vifaa hadi sita, na Linux ina programu ya Solaar ya kuvisimamia. Bolt, kidude kingine cha Logitech, na Unifying hazielewani, usichanganye. Kipanya kikikwamakwama, hamisha kidude kiwe mbali na tundu la USB 3: diski ya nje ikifanya kazi pale hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kebo ya kurefusha ya USB 2 inatosha.

Na kwa sisi wa pwani, chumvi ya hewani haina huruma na vibati vya betri. Ukisafiri wiki mbili, toa betri. Ikishavuja ule unga mweupe, pamba yenye tone la siki, kisha spiriti, acha pakauke kabisa.

Ndugu wa Langoni, nimeiangalia picha yako, chako hakina kitufe cha chaneli. Anza na lsblk -f, na ukifika kwenye anwani, linganisha tarakimu mbili za mwisho kabla ya kuandika chochote.