Ukialikwa maonyesho ya picha, wahi kabla jua halijazama

Hapa Mwanza tukialikwa maonyesho ya picha za kuchora jioni, wengi tunafika saa mbili usiku, kama tunakwenda harusini. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi nafika saa kumi na moja, na wewe nakusihi ufanye hivyo.

Nilijifunza haya Capri Point, kwenye ukumbi ambao madirisha yake yanatazama ziwa. Palikuwa na picha ya akina mama wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wakijaza dagaa kwenye magunia. Jua lilipoipiga, dagaa walimeta kama fedha, macho yote yakaenda kwao. Saa moja ilipokaribia, jua likazama, taa zikawashwa. Dagaa wakawa kijivu, khanga nyekundu ya mama mmoja ikajitokeza, na usoni mwake nikaona uchovu ambao sikuuona mwanzo. Picha ni ile ile!

Kwa hiyo usizunguke ukumbi mzima kama mkaguzi. Chagua moja iliyokugusa, ukae nayo. Rudi nyuma hatua tano, kisha sogea mpaka uone brashi ilipopita. Ikiwa ni ya mtindo wa Tingatinga, utaona usuli ulipakwa kwanza, ukaachwa ukauke, ndipo mnyama akachorwa juu yake. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji huo Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu, na hadi leo wachoraji wanaishi kwa mtindo wake.

Halafu zungumza na mchoraji. Wengi wetu tunaona haya, tunajazana kwenye sambusa naye amesimama peke yake pembeni. Mimi nilimwuliza yule wa dagaa:

"Kaka, mbona mikono ya huyu mama umeifanya mikubwa kuliko kichwa?"

"Ni mama yangu, dada. Nilipokuwa mdogo, nikimwona anarudi kutoka Mwaloni, nilitazama mikono kwanza. Nilijua imebeba chakula."

Maelezo yaliyobandikwa ukutani hayakuwa na neno hilo.

Bei nayo uliza. Kuuliza si kununua, na mchoraji anafurahi kuona kazi yake imetamanika. Jioni ile sikuwa na fedha ya kutosha. Tukakubaliana nilipe kwa mafungu mawili. Sasa picha iko sebuleni, ukuta unaoelekea dirisha la magharibi. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, watoto wangu wanakuja kuketi nami, tunasubiri dagaa wabadilike rangi.