Kabla hujanunua trekta, tembea shamba lako

Kila Nanenane inapokaribia, simu yangu haikosi mtu wa kuniuliza: "Kaka, nina ekari kumi na kidogo, nichukue trekta la HP (nguvu za farasi) ngapi?" Nami humrudishia swali: shamba lako ni luseni, yaani udongo mwepesi wa kichanga, au mbuga, ule mweusi mzito wa bondeni? Wengi hunyamaza kwanza. Hakuna muuzaji aliyewahi kuwauliza hivyo.

Mimi nina ekari 11 Misungwi. Saba ziko juu kwenye luseni, nalima mahindi na pamba. Nne ziko chini mbugani, majaruba ya mpunga. Mwaka wa kwanza nilinunua trekta la mtumba la HP 75 na plau la diski tatu, nikiamini kwamba kubwa ndilo litamaliza kazi upesi. Juu kule lilikata vizuri. Tulipolishusha mbugani, mvua mbili zilikuwa zimeshanyesha. Gurudumu la nyuma la kulia likaanza kuzunguka bila kusogea. Dereva akakanyaga mafuta, na kadiri alivyokanyaga ndivyo tope jeusi lilivyopanda, mpaka ekseli ikalala juu ya udongo. Trekta la ukubwa ule lina tani mbili na nusu hivi, bado hujaweka plau. Tulichimba kwa majembe na sururu tangu saa tano asubuhi, tukatandika magogo na mabua chini ya matairi, likatoka jua linazama. Kilichoniuma zaidi zilikuwa kingo za majaruba. Zilipasuka sehemu tatu, na maji yote niliyokuwa nimeyakinga yakaishia kwa jirani.

Baada ya siku ile nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo. Diski moja hukata upana wa sentimita 30 hivi. Plau la diski mbili, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa robo ya muda kwa ajili ya kugeuza na kusimama, linamaliza ekari moja kwa saa moja na dakika hamsini hivi. Ekari zangu saba za juu ni saa 13, yaani siku mbili. Plau la diski tatu linazimaliza kwa saa nane na nusu. Basi ukubwa wote ule nilioulipia ulikuwa unaniokolea saa nne au tano kwa msimu. Nakusihi upige hesabu hii kwa ekari zako mwenyewe, na siku ambazo mvua inakuachia kulima, kabla hujatoa hata shilingi.

Ndiyo maana nashauri uanze na zana, trekta lifuate. Kwa kawaida diski moja inataka HP 15 mpaka 25. Udongo mwepesi kama luseni unataka HP za chini, mbuga inataka zile za juu kabisa. Diski mbili zinakaa vizuri nyuma ya trekta la HP 45 au 50, na hilohilo litavuta haro ya kuvunja mabonge na tela la mavuno. Kwa mtu wa ekari tano mpaka ishirini, nyingi zikiwa juu, sioni sababu ya kuvuka hapo.

Utaambiwa: chukua kubwa, majirani watakodi, litajilipa lenyewe. Nilijaribu. Mvua za Novemba humnyeshea kila mtu siku moja, na wote wanalitaka trekta wiki ileile. Ukimkatalia jirani, inakuwa lawama. Ukimkubalia, shamba lako linasubiri. Pamba huku inataka kupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Yangu mwaka ule iliingia ardhini Januari. Kama unataka biashara ya kulimia watu, ifanye kama biashara: dereva wake, fundi wake, akiba ya spea. Usiifiche ndani ya trekta la familia.

Udogo nao una mipaka. Shemeji yangu wa Sengerema alichukua pawatila, mashine ndogo ya magurudumu mawili inayoongozwa kwa mikono, akitegemea ilime kila kitu. Kwenye jaruba lenye maji inafanya kazi nzuri sana, nyepesi, haivunji kingo, inageuka mahali padogo. Lakini aliipeleka kwenye ardhi kavu kabla ya mvua, ikawa inarukaruka juu ya udongo na kumtikisa mikono mpaka akaiacha. Mimi leo nakodi pawatila kwa ajili ya zile ekari nne za mpunga, na sijutii. Na mwenye ekari mbili tatu, akiwa na jozi ya ng'ombe waliozoea jembe, hela yake aipeleke kwenye mbegu na mbolea.

Nanenane pale Nyamhongolo utayaona matrekta mengi yameoshwa yanang'aa. Yaangalie, panda juu, uliza spea zake zinapatikana wapi Mwanza. Ila usilipie pale. Omba lijaribiwe kwenye udongo wako, na uende na chaki. Chora alama kwenye tairi la nyuma, plau likiwa juu, na umwambie dereva aende mizunguko kumi ya tairi. Hesabu hatua zako. Kisha plau lishushwe mpaka kina unacholimia, mizunguko kumi tena, uhesabu. Hatua zikipungua kwa zaidi ya sehemu ya tano, tairi linateleza: ama plau ni kubwa kuliko trekta, ama trekta ni jepesi na linahitaji kuongezwa uzito kwa maji ndani ya matairi. Angalia pia magurudumu ya mbele plau linaponyanyuliwa. Yakielea, usukani haushiki.

La HP 50 nililonalo sasa nililipima hivyo pale luseni. Hatua 51 plau likiwa juu, 45 likiwa chini. Nikalipa jioni ileile.