Maswali ya Wasomaji: Tamthilia Yako Mbele ya Majaji wa Emmy ya Kimataifa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Tuzo za Kimataifa za Emmy, zile zinazotolewa New York kila Novemba kwa kazi za televisheni zilizotengenezwa nje ya Marekani. Tumewapa nafasi kubwa wanaotaka kupeleka kazi zao. Mtazamaji akikosea kipengele hapotezi kitu, lakini mtayarishaji akikosea anapoteza mwaka mzima.

SWALI: Squid Game ni tamthilia ya Korea Kusini. Mbona ilishinda Emmy za Los Angeles, ikishindana na Wamarekani, wakati kuna Emmy ya Kimataifa?

Jina Emmy linatumiwa na taasisi tatu. Ya kwanza iko Los Angeles na ndiyo inayotoa tuzo za vipindi vya usiku, zile zinazozungumzwa sana. Ya pili husimamia, pamoja na mengine, tuzo za habari na michezo. Ya tatu ni Akademia ya Kimataifa ya Sanaa na Sayansi za Televisheni, iliyoanzishwa mwaka 1969 na yenye makao yake New York. Hii ndiyo inayotoa Emmy ya Kimataifa, na hafla yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1973.

Squid Game iliagizwa na Netflix, kampuni ya Marekani. Kanuni za Los Angeles huipokea kazi ya lugha ya kigeni ikiwa ina mshirika wa Kimarekani na ilikusudiwa kuonyeshwa Marekani tangu mwanzo. Mwaka 2022 iliwania tuzo 14 ikachukua 6, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kiume wa tamthilia kwa Lee Jung-jae. Kwa hiyo lugha pekee haiamui kazi iingie mlango upi. Kinachoangaliwa ni nani alilipia na nani alishiriki kuitengeneza. Kama mna mshirika wa Marekani, kaeni naye mmalize jambo hili kabla ya kujaza fomu yoyote, maana kazi huchaguliwa mlango mmoja.

SWALI: Tamthilia yetu ina sehemu 20 na hadithi inakwisha. Tuiweke kwenye kipengele cha tamthilia ya mfululizo au cha telenovela?

Msiamue kwa kufuata jina ambalo kituo kiliitangazia. Mwaka 2022 tuzo ya telenovela ilichukuliwa na The King's Affection, tamthilia ya kihistoria ya Korea Kusini yenye sehemu 20. Haikutoka Amerika ya Kusini na wala hakuna mtazamaji wa Korea aliyeiita telenovela, ila umbo lake lilikubalika humo. Mwaka 2017 kipengele hichohicho kilikwenda kwa Kara Sevda ya Uturuki. Mwaka 2018 La casa de papel ya Hispania ilishinda kwenye tamthilia ya mfululizo.

Hadithi fupi yenye mwisho huwa na nafasi yake katika kipengele kinachounganisha filamu za televisheni na tamthilia fupi. Huko filamu moja inaweza kukutana na hadithi ya sehemu sita. Mwaka 2023 ilishinda filamu ya Meksiko, La caída. Mwaka 2024 ikafuata Liebes Kind ya Ujerumani, iliyokuwa na sehemu sita.

Kwa sehemu 20, ushauri wetu ni huu: hesabuni urefu wa kila sehemu na mara ngapi kwa wiki ilirushwa, kisha linganisheni na maelezo ya vipengele ya mwaka husika, neno kwa neno. Mkibaki katikati, waandikieni waandaaji kabla dirisha halijafungwa. Waandaaji wana uwezo wa kuihamisha kazi iliyowekwa pasipo pake, lakini msitegemee kwamba watafanya hivyo kwa wema.

Angalieni tarehe pia. Tuzo za mwaka fulani hupima kazi zilizorushwa mwaka wa kalenda uliotangulia. Hiyo King's Affection ilirushwa mwisho wa 2021, tuzo ikaja Novemba 2022. Tamthilia iliyoanza Desemba na kuishia Februari ndiyo inayosumbua: andikeni mapema ni sehemu zipi zilionyeshwa mwaka upi, na mhifadhi ratiba ya kituo kama ushahidi.

SWALI: Tumetengeneza wenyewe manukuu ya Kiingereza, yaani maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha. Mwanzoni yanakwenda sawa na maneno, lakini kufikia mwisho wa sehemu ya dakika 48 yamechelewa kama dakika mbili. Tumeyarekebisha kwa kuyavuta nyuma, sasa yameharibika mwanzoni.

Swali hili limetufurahisha, kwa sababu mmetupa dalili zote. Kazi isiyo ya Kiingereza humfikia jaji kupitia manukuu. Yakiyumba, tamthilia yote inayumba nayo.

Picha yenu ni ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha mnato 25 zinazopita kila sekunde. Aliyeandika manukuu alipewa nakala iliyogeuzwa kuwa ya fremu 24. Fremu zilezile ambazo kwa kasi ya 24 huchukua dakika 50, kwa kasi ya 25 huisha kwa dakika 48. Ndiyo maana kosa linaanzia sifuri na kukua kidogo kidogo hadi dakika mbili. Kuvuta nyuma hakusaidii, kwa kuwa mnapunguza muda uleule kila mahali wakati kosa halilingani. Dawa ni kuzidisha kila muda ulioandikwa kwenye faili la manukuu kwa 0.96. Programu ya bure kama Subtitle Edit ina sehemu ya kubadilisha kasi ya fremu: mnaandika 24 kuwa 25, basi.

Kosa linaloponywa kwa kuvuta au kusukuma ni jingine. Mtu akiongeza nembo ya sekunde 8 mwanzoni mwa picha baada ya manukuu kukamilika, kila mstari utatokea sekunde 8 mapema, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo ndipo mnaposukuma faili lote kwa sekunde 8. Ili kujua mnaumwa na lipi, angalieni mahali patatu: dakika ya kwanza, katikati na dakika ya mwisho. Tofauti ikilingana, sukumeni. Ikikua, ni fremu. Kuna na tofauti ndogo ya 29.97 na 30, ambayo huzaa sekunde 3.6 tu kwa saa nzima. Ni rahisi kuipuuza, lakini sekunde tatu zinatosha kumfanya jaji asome jibu kabla swali halijaulizwa.

Baada ya kusahihisha muda, tazameni urefu. Kiwango kinachotumika sana ni mistari isiyozidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, nafasi zikihesabiwa. Kasi ya kusoma ni kama herufi 17 kwa sekunde, kwa hiyo maandishi yanayokaa sekunde 3 yawe na herufi 51 hivi kwa mistari yote miwili, si zaidi. Yasikae zaidi ya sekunde 7, maana msomaji atayasoma mara ya pili na kudhani ni mapya. Mhusika akisema mengi kuliko herufi mlizonazo, fupisheni maana yake. Msimlazimishe jaji akimbize maandishi huku uso wa mwigizaji unampita.

Hifadhini faili kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kompyuta kuhifadhi herufi inayochaguliwa mnapohifadhi faili. Vinginevyo alama za kinukuu zilizopinda na herufi zenye vikofia hugeuka mikwaruzo isiyosomeka kwenye kompyuta nyingine, na hamtalijua hilo kwa sababu kwenu zinaonekana vizuri.

Tafsiri yenyewe ina mitego ya Kiswahili ambayo mfasiri wa haraka haioni. Mkubwa ni kiambishi *a-*. Sisi tukisema "amekuja usiku", hatujasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza humtaka mfasiri achague. Katika hadithi ya upelelezi, kiwakilishi kimoja kilichochaguliwa kwa mazoea katika dakika ya tano kinafichua muuaji ambaye mwandishi alimficha hadi sehemu ya mwisho. Mpeni mfasiri hadithi yote mpaka mwisho kabla hajagusa mstari wa kwanza, na mmwekee alama sehemu ambazo jinsia ni siri. Mtego wa pili ni maneno ya undugu wa ndoa: wifi, shemeji na mkwe vikimezwa na neno moja la Kiingereza, ugomvi wa mawifi wawili huwa haueleweki unatoka wapi. Mara nyingi ni afadhali kutumia jina la mhusika, au kueleza uhusiano mara moja mapema: dada wa mumeo.

Mwisho, mpeni faili mtu asiyejua Kiswahili kabisa, atazame sauti ikiwa imezimwa, kisha awasimulie hadithi. Mahali atakapokwama ndipo jaji naye atakapokwama.

SWALI: Manukuu tuyachome kwenye picha, yawe sehemu yake, au tuyapeleke pembeni kama faili la peke yake?

Fuateni fomu inavyosema. Kama inaruhusu yote mawili, yachomeni. Faili la pembeni linaweza kusahaulika au kutofunguka, na jaji hatapiga simu kuuliza. Ila bakini na nakala safi isiyo na maandishi. Mkishinda, kuna watakaotaka kuinunua na kuweka lugha yao.

SWALI: Nani huamua? Nasikia ni lazima ujulikane.

Kazi hupita hatua tatu za majaji, na majaji ni watu wa fani kutoka nchi mbalimbali. Kwa kawaida kila kipengele hubakiwa na wanne wanaowania, na mshindi hutajwa usiku wa hafla. Orodha za waliofika huko hazionyeshi kwamba umaarufu ni sharti. Mwaka 2020 mwigizaji bora wa kiume alikuwa Billy Barratt, kijana wa miaka 13 wa Uingereza. Mwaka huohuo Delhi Crime ikawa tamthilia ya kwanza ya India kushinda kipengele cha tamthilia ya mfululizo. Mwaka 2017 Thuso Mbedu wa Afrika Kusini aliwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa tamthilia ya Is'thunzi, akiwa bado mgeni kwa watazamaji wa nje ya nchi yake. Mwaka 2024 tuzo hiyo ilikwenda kwa Chutimon Chuengcharoensukying wa Thailand. Matokeo ya sare pia yapo: mwaka 2023 tuzo ya vichekesho iligawanywa kati ya Derry Girls na onyesho la mchekeshaji wa India, Vir Das.

SWALI: Jaji analalamika hasikii mazungumzo, sisi tunayasikia vizuri studio.

Ninyi mnasikiliza kwa spika kubwa katika chumba kimya, na maneno mnayajua kwa kichwa. Yeye anaweza kuwa na kompyuta ndogo na visikizi. Kwanza pimeni sauti ya sehemu nzima, tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho, si ya onyesho moja. Watangazaji wa Ulaya hufuata kipimo cha −23 LUFS (kizio cha wastani wa ukubwa wa sauti), na kilele kisizidi −1 dBTP (kizio cha sauti inapofika juu kabisa). Marekani hutumia −24. Sauti iliyochanganywa kwa ajili ya ukumbi wa sinema huwa na mnong'ono wa chini sana na mshindo wa juu sana, na wastani wake unaweza kuonekana sawa ilhali mnong'ono hausikiki. Kwa hiyo baada ya kupima, sikilizeni mazungumzo peke yake kwa spika za kompyuta. Sehemu nyingi huponywa kwa kushusha muziki ulio chini ya maneno, bila kupandisha maneno yenyewe.

Na huo muziki, mna kibali chake? Wimbo mmoja una haki mbili: ya aliyetunga na ya aliyemiliki rekodi. Kibali cha kurusha kwenye kituo chenu mara nyingi hakifiki kwenye mashindano ya nje wala kwenye vipande vinavyoonyeshwa jukwaani. Ukikosa kimoja, badilisheni wimbo sasa, kabla ya kuchoma manukuu, la sivyo mtarudia kazi mbili.

SWALI: Ile sanamu ya mwanamke mwenye mabawa inamaanisha nini?

Mabawa ni sanaa, na tufe la atomu analolinyanyua ni sayansi. Iliumbwa na Louis McManus mwaka 1948, mkewe akiwa kielelezo. Jina lilitokana na Immy, lakabu ya bomba la kamera za wakati ule, likalainishwa kuwa Emmy ili lifae jina la kike.

SWALI: Nina miaka 26, sina kampuni wala kamera, nina mswada tu.

Basi achana na fomu za watayarishaji. Mfuko wa Akademia hiyohiyo una tuzo ya uandishi wa mswada yenye jina la Sir Peter Ustinov, kwa waandishi wasio Wamarekani walio chini ya miaka 30. Zawadi yake ni dola 2,500 pamoja na safari ya New York. Mswada uwe wa tamthilia ya televisheni, kamili, na kwa Kiingereza. Uandike kwanza kwa lugha unayoota nayo, kisha uuandike upya kwa Kiingereza badala ya kuutafsiri mstari kwa mstari. Upange kwa umbo la kawaida la miswada, ambapo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Ukiwa na kurasa 70 kwa hadithi ya nusu saa, msomaji anajua tangu anapoushika kwamba hujapima. Una miaka minne kabla ya kikomo. Anza na mwaka huu.