Uuguzi kwa mwenye matokeo ya chini: majibu kwa wasomaji

Shikamoo mwalimu. Katika mtihani wa kidato cha nne nimepata divisheni ya nne, pointi 28, yaani D katika masomo saba, Fizikia ikiwemo. Ndugu zangu wanasema uuguzi hauchukui divisheni ya nne. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli. Sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania hazitaji divisheni. Zinataka ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na ufaulu huanzia D. Ikiwa Kemia na Baiolojia nazo zimo katika hizo saba, omba bila woga. Hata hivyo, kuwa na sifa si kuchaguliwa, kwa sababu vyuo vya serikali hugombewa na wengi wenye alama za juu. Kwa hiyo, katika machaguo yako, weka pia chuo kisichokimbiliwa sana, hata kikiwa mbali na nyumbani.

Binti yangu ana C ya Kemia na C ya Baiolojia, lakini Fizikia amepata F. Kuna mtu anaahidi kumwingiza chuoni kwa shilingi laki tano. Nimpe?

Mzazi mwenzangu, nakusihi usimpe hata senti moja. Mwanafunzi aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma anaweza kulipiwa ada, akasoma na kukesha, kisha akaambiwa hana sifa wakati fedha za familia zimekwisha. Inaniumiza kuona wazazi wakiuza mashamba kwa ahadi za namna hiyo, ilhali njia halali ipo na ina gharama nafuu: binti arudie Fizikia peke yake akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani hufanyika Novemba. D huanzia alama 30, na mtoto mwenye C ya Kemia anaweza kuzifikia akipata mwalimu mvumilivu na kufanya mitihani ya miaka iliyopita mara kwa mara. Ikiwa anapenda kazi za hospitali kwa jumla, stashahada ya famasi inataka Kemia na Baiolojia bila kulazimisha Fizikia. Lakini kama moyo wake uko wodini, mwache arudie.

Nilisoma masomo ya sanaa, sina Kemia wala Fizikia. Nifanyeje?

Baiolojia bila shaka uliisoma, kwa kuwa ilikuwa ya lazima. Hayo mawili utayaanza upya, na mwaka mmoja huenda usitoshe. Tafuta kituo chenye maabara inayotumika kweli.

Nikimaliza stashahada, D zangu zitanizuia kusoma shahada?

Vyuo vikuu hutazama bado ufaulu wako wa kidato cha nne, lakini kipimo kikubwa kitakuwa stashahada yenyewe, ambayo inapaswa kuwa na wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za alama) isiyopungua 3.0. Alama hizo hujengwa tangu muhula wa kwanza, na anayezembea mwanzoni hupata shida kuziinua baadaye.