Akademi ya polisi na zimamoto kwenye chuo cha jamii: nitajuaje ipi nzuri?

SWALI: Ninaishi Houston, Texas. Mwanangu wa miaka 19 anataka kuwa polisi, na binti wa dada yangu, miaka 23, anataka zimamoto. Wote wana grini kadi. Kuna vyuo viwili vya jamii (community college) tunavyoweza kuvifikia. Kimoja kina majengo mapya na kinajitangaza kwamba ufaulu wake ni asilimia 100. Kingine ada yake ni ndogo lakini kinaonekana kimechoka. Nitavipimaje? — Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, shikamoo. Kabla hatujagusa vyuo, kuna jambo linalowachanganya wengi wetu tuliotoka nyumbani. Tanzania kijana huchukuliwa na jeshi la polisi kwanza, ndipo anapelekwa depo Moshi. Kenya ni hivyo hivyo, anaajiriwa ndipo anakwenda Kiganjo. Akihitimu, kazi inamsubiri. Texas njia hiyo ipo pia: idara kubwa kama za Houston na Dallas zina akademi zao, kuruta anaajiriwa na kulipwa mshahara huku akijifunza. Lakini chuo cha jamii ni njia nyingine. Hapo unajilipia mwenyewe, unapata cheti, kisha unaanza kuzunguka na maombi ya kazi. Chuo hakiajiri mtu. Idara ndogo za pembezoni mwa jiji ndizo hasa zinazotafuta watu waliokwisha kuwa na cheti, kwa sababu hazina uwezo wa kuendesha akademi.

Kwa hiyo swali la kwanza uwaulize vijana wenyewe: mnataka kufanya kazi wapi? Kama jibu ni Houston penyewe, wasome matangazo ya ajira ya jiji kabla hujatoa hata dola moja ya ada. Huenda mafunzo unayotaka kulipia yangetolewa bure, tena na mshahara juu.

Kijana wako nitamsemea peke yake, maana kwake tatizo si chuo. Leseni ya polisi Texas hutolewa na tume inayoitwa TCOLE. Umri wa kawaida ni miaka 21. Mwenye miaka 18 hadi 20 anakubaliwa tu kama ana digrii ya miaka miwili au krediti 60 za chuo (alama za masomo aliyokamilisha), au kama ametumikia jeshi la Marekani angalau miaka miwili na kuachishwa kwa heshima. Halafu kuna uraia: Texas kwa kawaida inadai askari awe raia wa Marekani. California ililegeza sharti hilo kuanzia Januari 2023, inatosha kuwa na haki ya kisheria ya kufanya kazi, lakini ninyi hamko California. Mwenye grini kadi kwa kawaida huomba uraia baada ya miaka mitano. Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwamba akademi ya mwaka huu haimsaidii. Krediti 60 zinamsaidia. Asome masomo ya kawaida, hata ya uhasibu au afya akitaka, huku miaka ya uraia ikitimia. Na ajichunge: hukumu ya kuendesha gari akiwa amelewa, hata ile ya mara ya kwanza, inamfungia mlango wa leseni kwa miaka 10. Makosa mazito zaidi humfungia moja kwa moja.

Sasa vyuo. Usiridhike ukiambiwa chuo "kimeidhinishwa". Ithibati ya chuo kizima inahusu digrii zake na uhamisho wa krediti, haisemi lolote kuhusu akademi iliyoko nyuma ya maegesho. Kwa polisi, uliza kama akademi ina kibali cha TCOLE. Kwa zimamoto, tume ni TCFP, na zimamoto wa kuajiriwa Texas lazima awe na cheti chake. Hapo binti yenu awe macho: kuna cheti kingine cha SFFMA, ambacho ni cha wazimamoto wa kujitolea. Si cheti kibaya, ila peke yake hakimpi ajira. Cheti cha msingi cha TCFP pia kinadai mafunzo ya huduma ya dharura kwa wagonjwa na majeruhi. Baadhi ya vyuo huyajumlisha kwenye programu, vingine huyauza kando, na ndipo ada "ndogo" inapoanza kuvimba. Aulize pia kuhusu mihuri ya IFSAC, shirika linalothibitisha vyeti vya zimamoto vitambulike nje ya jimbo, ya ngazi za Firefighter I na II. Siku akihamia jimbo jingine, mihuri hiyo ndiyo itakayomwepusha kuanza upya.

Tukija kwenye ile asilimia 100, mimi tangazo la namna hiyo hunitia shaka kuliko kunivutia. Anayefanya mtihani wa leseni ya polisi ni yule ambaye akademi imemwidhinisha kuufanya. Tuseme walianza 30, wakafika mwisho 16, wote 16 wakafaulu. Tangazo litasema 100, na halitakuwa limedanganya. Wale 14 wamelipa ada na wamekwenda zao. Kwa hiyo omba mnyororo mzima wa madarasa matatu ya mwisho: walioanza, waliomaliza, waliofaulu mtihani wa jimbo mara ya kwanza, na walioajiriwa ndani ya mwaka mmoja. Usiridhike na wastani. Taka namba ya kila darasa. Upande wa polisi, unaweza kuhakikisha mwenyewe sehemu ya ufaulu, kwa sababu TCOLE huchapisha matokeo ya kila akademi, na akademi ambayo ufaulu wake unabaki chini ya asilimia 80 kwa miaka mitatu mfululizo inaweza kutangazwa kuwa hatarini.

Wengi kuacha njiani si lazima iwe dosari. Kazi hizi si za kila mtu, na afadhali mtu ajue hilo uwanjani kuliko ndani ya nyumba inayoungua. Ninachotaka kujua ni sababu. Wakiacha kwa kushindwa masomo, wanapewa msaada gani? Wakiacha kwa majeraha darasa baada ya darasa, tatizo liko kwa wakufunzi. Na wakisema "asilimia 90 wamepata nafasi", uliza nafasi gani. Texas ina polisi wa akiba wasiolipwa na idara nyingi za zimamoto za kujitolea, na nimeona hesabu ambazo watu hao wote wamewekwa kwenye kapu la "walioajiriwa". Tovuti ya serikali kuu ya College Scorecard nayo itumie kwa tahadhari. Inaonyesha takwimu za digrii na vyeti vya chuo, na kwenye digrii za fani hizi wamo askari walio kazini tayari wanaotafuta kupanda cheo. Mapato yao hayakuambii mhitimu mpya wa akademi anaanzia wapi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakipo kwenye karatasi za chuo. Binti achague idara tatu anazotamani, awapigie wanaohusika na ajira, aulize: mmeajiri kutoka chuo hiki miaka ya karibuni? Mliwaonaje? Hawatamsema mtu vibaya kwenye simu, lakini watataja upesi akademi wanayoipenda.

Halafu nendeni uwanjani siku ya mazoezi, msiende siku ya maonyesho. Hapa majengo mapya yasikupumbaze. Mwombe mkufunzi aruhusu binti asome lebo ndani ya koti la moto: viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, vinataka mavazi hayo yastaafishwe yakifikisha miaka 10 tangu yatengenezwe. Angalieni kama mitungi ya hewa inatosha kila mwanafunzi au wanapokezana. Kwenye mazoezi ya moto halisi, kiwango cha NFPA 1403 kinataka mkufunzi mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watano, na hicho ni kipengele nisichokubali visingizio juu yake. Kiwango hicho kilitungwa baada ya wazimamoto wawili kufa kwenye zoezi huko Boulder, Colorado, mwaka 1982, na bado mwaka 2007 kuruta mmoja alikufa Baltimore kwenye zoezi lililokiuka taratibu. Chuo chenye jengo kuukuu la kuchomea, lakini chenye wakufunzi wa kutosha na mavazi yanayofaa, ningekichagua bila kusita.

Kwa polisi, siku mwanao atakapofikia hapo, tazameni muda unaotumika kwenye maigizo ya matukio: ugomvi wa nyumbani, mtu mwenye tatizo la akili, gari lililosimamishwa usiku. Akademi inayojivunia kupiga kelele na pushapu, lakini maigizo yake ni ya wiki ya mwisho tu, mimi naiweka chini.

Mwisho ni pesa. Omba gharama yote kwa maandishi, pamoja na sare, kukodi mavazi ya moto, alama za vidole, vipimo vya afya na dawa za kulevya, na ada ya mtihani. Uliza kama akademi inatolewa kwa krediti, kwa sababu kozi zisizo na krediti mara nyingi hazipati Pell, yaani msaada wa ada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, na mwenye grini kadi ana haki ya kuomba msaada huo. Kuanzia Julai 2026 sheria mpya inaruhusu Pell kwa kozi fupi za saa 150 hadi 599, ila programu lazima ionyeshe kwamba angalau asilimia 70 wanamaliza na asilimia 70 wanapata kazi. Chuo kinachotaka fedha hizo kitalazimika kuzijua namba nilizokutajia, kwa hiyo usikubali kuambiwa hazipo. Na kabla ya kutia sahihi, waulize mwanafunzi akivunjika kifundo cha mguu wiki ya sita anapata nini: ada yake, nafasi kwenye darasa lijalo, au pole tu.