Mke wa mashoto na binti wa Masasi

Msomaji wa Mikindani anaandika: mkewe ni mashoto. Juzi alimpa mama mkwe sahani ya ugali kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni, mama akanuna. Sasa mtoto wao wa miaka miwili naye anashika kijiko kwa kushoto, na baba ameanza kumfunga mkono huo kwa kitambaa. Anauliza: amrudishe mke kwao akafundwe upya?

Pole, mwanangu. Pole yenyewe inaishia hapo.

Mwenyewe umeandika kuwa mkeo alikuwa amembeba mtoto mkono wa kulia. Ulitaka sahani aishike kwa meno? Na wewe ulikuwa wapi usimpokee mtoto?

Mama yako hakusema neno, kununa kwake umekutafsiri wewe. Pesa ya korosho ya msimu huu umempelekea? Hilo hukuandika. Ila "binti mmoja wa Masasi mwenye adabu" umemtaja mara tatu. Huku Kusini twajuana: minada ikianza Oktoba, wanaume huanza kuziona kasoro za wake zao. Mkono huo mkeo alikuja nao siku ya ndoa. Ndio uliokuwa ukikuna nazi kwenye mbuzi, na mchuzi ukaunywa mpaka ukaramba vidole. Ndoa za siku hizi zikipoa kidogo tu, mtu anatafuta sababu ya kwenda kuisemea barazani!

Adabu ina nafasi yake, sikatai. Kushoto kwetu ni mkono wa msalani, mtu mzima hapewi chakula nao. Mkeo ajizoeze kutoa kwa mikono miwili, mama hatakuwa na la kusema. Mtoto naye afundishwe kula na kusalimia kwa kulia, polepole, kwa kumhamishia tonge. Kumfunga, hapana. Karibu mtu mmoja katika kila kumi ni mashoto, na wengi wazazi wao wanatumia kulia. Hata mapacha wa kufanana, mmoja huweza kuwa mashoto na mwenzake asiwe. Hajaambukizwa na mama yake, wala si ukaidi. Akianza shule mwacheni aandike kwa kushoto, na mwombeni mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na mwenzake.

Kitambaa kifungue leo. Na kabla hujamrudisha mkeo kwao, fikiri wajomba zake wakikuita kikaoni wakuulize kosa lake ni lipi. Utawajibu "mkono"?