Anza na vitanzi 57

Dada uliyeuliza kama shali ya maombi, ile tunayofuma huku tukimwombea mgonjwa atakayepewa, inamfaa anayejifunza kufuma: inafaa kabisa, hasa baridi hii inayotufungia ndani. Anza na vitanzi 57, sindano nene za milimita 8, na uzi unaofulika kwa mashine. Mgonjwa hana nguvu za kufua sufu kwa mkono. Fuma vitanzi vitatu vya mbele (knit), vitatu vya nyuma (purl), mpaka mwisho wa mstari. Unaofuata anza tena na vitatu vya mbele. Ndivyo walivyofundisha Janet Bristow na Victoria Galo wa Connecticut, Marekani, walioanzisha huduma hii ya shali za maombi 1998. Mimi nilipoteza hesabu katikati ya Baba Yetu, nikafumua mistari sita! Ikifika urefu wa mikono yako ukiinyoosha, funga, tia matamvua.